Siku 16 baada ya sala ya toba

Mkutano wa injili ukiisha hapa Malindi, majina ya waliookoka huandikwa daftarini, kisha daftari hufungwa. Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Yesu aliwaambia Simoni na Andrea, "nitawafanya kuwa wavuvi wa watu" (Marko 1:17). Nitawafanya! Kazi hiyo ni ya umri mzima.

Aliyeokoka umwanzishe na Injili ya Marko: sura 16, sura moja kila siku, kwa sauti. Asiyejua kusoma asomewe. Kila sura iwe na maswali mawili tu: Yesu amefanya nini hapa, na mimi nitatii nini kabla jua la kesho halijazama? Swali la pili ndilo linalorukwa, maana kuzungumza ni rahisi kuliko kutii. "Nitakuwa mtu mwema" si jibu. Muuza samaki aliyezoea kubonyeza mizani kwa kidole aseme: kesho mkono wangu utakuwa mbali na sahani, na yule mama niliyempunja nitamrudishia chake.

Mfuateni Petro, ndiye Simoni yule, kwa karibu. Sura ya 1 anaacha nyavu; ya 8 anamkiri Kristo, na papo hapo anakemewa; ya 14 anamkana mara tatu; lakini 16:7 anaitwa kwa jina lake. Muumini mchanga akianguka wiki ya pili, mfungulie mstari huo siku hiyohiyo, usingoje Jumapili. Wengi hawakuikana imani, waliona haya kurudi.

Kikundi kisizidi watu wanne, la sivyo mmoja huhubiri na wengine husinzia. Kwa wavuvi, msipange saa kabla ya kuuliza maji: wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mtu yuko baharini.

Ubatizo baharini ufanyike maji yakijaa, yafike kiunoni. Msimu wa kaskazi tope la mto Sabaki huletwa upande wetu na chini hapaonekani, basi mbatizaji apapase kwa miguu kwanza. Kosa kubwa huja baadaye: nguo zikishakauka, mafundisho husimama. Matendo 2:42 inasema "wakidumu", na waliodumu walikuwa wamekwisha kubatizwa.

Mwaka ukitimia, mkabidhi muumini huyo Injili ya Marko na mtu mmoja wa kusoma naye. Wewe kaa pembeni, usikilize.