Mwezi wa nne

Leo bima wamenirudishia faili. Hawakusema sistahili upasuaji wa kupunguza uzito. Wamesema kumbukumbu za mwezi wa nne hazipo.

Mwezi wa nne kliniki nilikwenda. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na kikohozi. Nilipanda mizani, muuguzi akaisoma namba kwa sauti, nami nikajikunyata maana foleni nzima ilisikia. Kisha daktari akanisikiliza kifua, akaandika dawa, akaniambia pole. Kwenye faili kuna maneno matatu: "kikohozi, siku tatu". Uzito haupo, wala neno lolote kuhusu lishe au mazoezi. Na bima yangu inataka miezi sita mfululizo ya kupunguza uzito chini ya daktari, kila mwezi na maandishi yake. Ukikosekana mmoja, unaanza moja.

Nina kilo 104 na urefu wa mita 1.62, yaani BMI yangu, kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, ni 39.6. Fomu inasema 40. Ukiwa kati ya 35 na 40 lazima uonyeshe na ugonjwa unaoandamana na unene: presha, kisukari, pumzi kukatika usingizini. Vigezo hivi vilitoka kwenye mkutano wa wataalamu Marekani mwaka 1991. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishalegeza, vikasema 35 inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine. Fomu yangu bado iko 1991. Ndiyo maana siku majibu ya kipimo cha usingizi yalipotoka mabaya, baada ya usiku mzima wa kulala na nyaya kichwani na kifuani, nilisema alhamdulillahi. Nikajishangaa mwenyewe.

Kuna na jambo ambalo siwaambii watu. Nikipungua kilo mbili nafurahi, halafu naingiwa na hofu. Nikifika 91 nitakuwa chini ya 35, na hakuna aliyenijibu kama watahesabu uzito wa mwanzo au wa mwisho. Wananitaka nijitahidi, ila nisifanikiwe sana.

Karatasi za mwanasaikolojia na za mtaalamu wa lishe hazikunisumbua, zilikuja ndani ya wiki. Barua ya daktari ndiyo iliyonitoa jasho. Ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili: "Mgonjwa huyu anahitaji upasuaji. Tafadhali msaidieni." Ana roho nzuri huyu mzee, lakini bima hawasomi roho. Walitaka ieleze nimeanza kunenepa lini, nimejaribu njia gani, kwa muda gani, zilishindwa vipi. Nikakaa mezani kumwandikia orodha mwenyewe, mwaka kwa mwaka: dawa, kufunga, ule mwaka niliopungua kilo 19 na zikarudi zote na wageni juu. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilikula jioni nzima, na katikati nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Basi mchana nilirudi kliniki. Dada wa mapokezi akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akauliza, "Si ulipanda mizani siku ile?" Akaingia ndani, akatoka na daftari la wauguzi, lile kubwa lenye jalada linalobanduka. Akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Nilikuwemo: jina limekosewa herufi moja, mbele yake 104.5.

Daktari amekubali kuandika nyongeza yenye tarehe ya leo, ikisema uzito umetolewa kwenye daftari. Kuhusu lishe amekataa kuandika asichokumbuka, na sikumlaumu, ingawa moyoni nilinuna kidogo. Kama bima watapokea uzito peke yake, sijui.

Dada akafunika majina ya wagonjwa wengine kwa vipande vya karatasi, juu na chini, akatoa nakala. Ukurasa ukatoka mweupe wote, isipokuwa mstari wangu.