Fidia ya Mtu Aliyevuliwa Nguo

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimekaa na Luka 10:30-35, mfano wa Msamaria mwema, na kila niliposoma mawazo yangu yalikwenda kwenye shamba lililokuwa limetoka kulimwa karibu na kijiji cha Azincourt, kaskazini mwa Ufaransa, ambako tarehe 25 Oktoba 1415 Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza aliwashinda Wafaransa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na wapiganaji waliovaa chuma walianguka matopeni wakalaliana, walio hai chini ya waliokufa.

Mapigano yalipotulia, Waingereza walianza kuyapekua marundo ya miili, wakitafuta walio hai ambao jamaa zao wangelipa fidia ili waachiwe. Arthur de Richemont, ndugu wa mtawala wa Bretagne, alitolewa chini ya maiti, akatambuliwa kwa alama za ukoo wake zilizokuwa kwenye vazi lililolowa damu. Charles, mtawala wa Orléans, naye alipatikana hai, akawa mateka Uingereza kwa miaka 25. Alama ya ukoo ilimwambia mtafutaji kwamba huyu ana jamaa wa kumlipia.

Anayenigusa zaidi ni Ghillebert de Lannoy, mpiganaji wa upande wa Wafaransa, kwa kuwa aliandika mwenyewe yaliyompata. Alikuwa amejeruhiwa gotini na kichwani, amelala kati ya wafu, hadi waliokuwa wakitafuta mateka walipomkuta, wakampeleka kwenye nyumba ya jirani pamoja na majeruhi wengine kumi au kumi na wawili. Kisha ikazuka hofu kwamba Wafaransa wanarudi kushambulia, mfalme akaamuru mateka wauawe, na nyumba ile ikatiwa moto wakiwa ndani. Lannoy, na goti lake lile bovu, alitambaa mpaka nje. Alikamatwa tena, akauzwa, na hatimaye akaachiwa kwa fidia ya sarafu 1,200 za dhahabu na farasi mmoja. Siku hiyo hiyo aliinuliwa kwa sababu ya bei yake, na akachomewa nyumba bei hiyo ilipogeuka kuwa mzigo.

Siandiki haya ili tuwahukumu watu wa zama zile, maana hata mimi hutazama kwanza mtu ni wa nani kabla sijainama.

Sasa mtazame yule aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Wanyang'anyi walimvua nguo, wakamwacha karibu ya kufa, hivyo hakubaki na vazi la kumtambulisha, wala pengine nguvu ya kutaja jina la baba yake. Msamaria alimkaribia bila kujua kama kuna nyumba yoyote duniani itakayomlipia. Na hapa ndipo ninaposimama kila mara: aliyemwokota ndiye anayetoa fedha. Bwana wetu alilichagua neno hilo hilo la vitani, fidia, aliposema katika Marko 10:45 kwamba amekuja kutoa nafsi yake kwa ajili ya wengi. Siku ya pili Msamaria aliweka dinari mbili mkononi mwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba gharama itakayozidi atailipa atakaporudi, kisha akashika njia, naye majeruhi akabaki kitandani bila deni.