Bei ya mgeni kwenye kambi za majimbo ya Marekani: ninavyopiga hesabu

Kiwanja cha kambi, yaani sehemu ya kupiga hema kwenye hifadhi ya jimbo, kwenye pwani ya Massachusetts ni dola 22 kwa usiku kwa mkazi wa jimbo. Mimi ninayetoka New Hampshire nalipa 70 kwa kiwanja hichohicho. Viwanja vya bara, mbali na bahari, ni 17 kwa 54. Ukilala siku tatu Salisbury Beach, maili chache tu kutoka mpakani kwetu, mkazi anatoa 66 na wewe unatoa 210, na hapo bado hujahesabu ada ya kuweka nafasi, kuni wala gari la pili.

Sisi tuliozoea mageti ya hifadhi za Afrika Mashariki tunazijua tabaka za raia, mkazi na mgeni, huyo wa mwisho akikatiwa tiketi kwa dola. Kwa hiyo wengi wetu huku tunadhani neno mkazi linahusu pasipoti au grini kadi. Kwenye kambi za majimbo halihusiani nazo. Jimbo linataka kujua unaishi wapi, basi. Mkimbizi kutoka Goma mwenye leseni ya udereva ya Massachusetts ni mkazi na analipa 22. Mmarekani aliyezaliwa Manchester, New Hampshire, ni mgeni na analipa 70. Na tangu tarehe 1 Julai 2023 Massachusetts inatoa leseni ya kawaida ya udereva bila kujali hali ya uhamiaji ya mwombaji, kwa hiyo hata ambaye kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado haijaisha anaweza kuwa na kadi inayomtambulisha kama mkazi. Nimeona watu wa Lowell na Worcester, miji ya Massachusetts, wakijihesabu wageni na kuacha punguzo ambalo ni haki yao.

Kuna wanaoona ubaguzi huu haiwezekani uwe halali. Ni halali. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Baldwin dhidi ya tume ya samaki na wanyamapori ya Montana. Wakati huo mkazi aliweza kupata leseni ya kuwinda elki, aina ya kulungu mkubwa, kwa dola 9, ilhali mtu wa nje alilazimika kununua leseni ya mchanganyiko, yaani ya wanyama kadhaa kwa pamoja, ya dola 225. Mahakama ikasema burudani ya aina hiyo si haki ya msingi ambayo jimbo linalazimika kuwapa watu wote kwa masharti sawa. Hoja ya majimbo ni kwamba mkazi ameshachangia kupitia kodi zake. Unaweza kubishana nayo, lakini bei haitashuka kwa kubishana.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, naanza na anwani iliyo kwenye akaunti yangu ya kuweka nafasi. Mfumo hauna macho. Unasoma anwani uliyoandika siku ulipofungua akaunti, na bei inaifuata hiyo. Aliyehama kutoka Nashua ya New Hampshire kwenda Lawrence ya Massachusetts na hajabadilisha anwani ataendelea kuonyeshwa bei ya mgeni. Badilisha kwanza, ndipo utafute kiwanja, wala usitegemee kurekebishiwa bei baada ya kulipa. Kisha hakikisha leseni yako nayo ina anwani mpya, kwa sababu kibandani kitambulisho ndicho kinachozungumza. Mwanafunzi anayesoma Boston na leseni yake ni ya New Hampshire asishangae akihesabiwa mtu wa New Hampshire.

Ujanja wa kumwomba binamu wa Lowell aweke nafasi kwa jina lake halafu asije, mimi siufanyi na simshauri mtu. Mwenye nafasi ndiye anayetarajiwa kufika na kuonyesha kitambulisho. Asipokuwepo, unaweza kudaiwa tofauti ya bei au kukataliwa kabisa saa mbili usiku, watoto wamelala kwenye gari na hoteli za pwani zimejaa. Akija kweli na kulala pale, mambo ni safi: kiwanja ni chake, ninyi ni wageni wake, mradi hamjazidi idadi ya watu na mahema inayoruhusiwa. Familia mbili zikihitaji viwanja viwili, kila kiwanja kina mwenyewe na bei yake. Gawaneni jumla kwa vichwa ili yule wa 70 asibebe mzigo peke yake.

Kosa la wengi ni kulinganisha bei ya usiku tu. Mgeni hatozwi mahali pamoja. New York imekuwa ikiongeza dola 5 tu kwa usiku kwa mtu wa nje, nyongeza isiyomzuia mtu safari. Oregon ilianza mwaka 2022 na asilimia 25 ya ziada kwenye viwanja vya magari ya kulala, yale yenye vitanda ndani. Idaho, baada ya sheria ya 2021, iliruhusu bei ya mgeni kufika mara mbili kwenye hifadhi tano zinazojaa zaidi: Priest Lake, Round Lake, Farragut, Hells Gate na Ponderosa. Wakati huo zilikuwa tano hizo, si zote. Anayetoka Spokane, jimbo jirani la Washington, na kutaka maji anaweza kutazama viwanja vya kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kando ya Pend Oreille, kama Riley Creek na Springy Point, ambavyo ni vya serikali kuu na havimuulizi mtu jimbo lake.

Mahali pengine tofauti iko getini. Connecticut inaingiza bure magari yenye namba za Connecticut, kwa kuwa ada imeshakatwa kwenye usajili wa gari. Namba za jimbo jingine zinalipia maegesho kwenye hifadhi zinazotoza. Wisconsin nayo inatazama namba za gari: mwaka 2024 stika ya mwaka ilikuwa dola 28 kwa namba za huko na 38 kwa namba za nje. Hapa anayekodi gari awe macho. Magari ya kukodi huzunguka nchi nzima, na unaweza kuwa mkazi wa Hartford, Connecticut, ukapewa gari lenye namba za Florida. Geti linasoma namba, halisomi historia yako. Ukiwa bado kwenye maegesho ya kampuni, zunguka nyuma ya gari utazame, na kama kuna jingine lenye namba za jimbo unakokwenda, omba hilo.

Kisha kuna Florida, ambako mgeni anabanwa na kalenda. Tangu Januari 2024 mkazi anaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla ya kufika, mtu wa nje miezi 10. Mwezi mmoja unaonekana mdogo mpaka utafute wikendi ya Februari kwenye hifadhi ya Bahia Honda: ikifika zamu yako wenyeji wameshavichukua viwanja vizuri. Ninachofanya ni kulenga Jumapili hadi Alhamisi, na kuingia kwenye mfumo saa 2 asubuhi kwa saa za Mashariki, ndipo siku mpya zinapofunguliwa. Nikikosa, narudi kutazama siku chache kabla ya safari, watu wanapoanza kughairi. Kusubiri kughairiwa kunafaa kwa wenye hema moja. Mwenye gari la kulala la futi 30 hana viwanja vingi vya kumtosha, asijipe matumaini makubwa.

Kwa upande wetu wa kaskazini mashariki, njia ninayoitumia zaidi ni kuyaacha majimbo na kwenda misitu ya serikali kuu. White Mountain hapa New Hampshire ina viwanja kando ya barabara ya Kancamagus na vingine karibu na Gorham, kama Dolly Copp, na bei ni moja kwa mtu wa Maine, wa Massachusetts au wa Texas. Mara nyingi iko chini ya nusu ya ile 70. Unachokosa ni bahari, na kwenye viwanja vingi bafu la maji moto na umeme. Kama kuna mtoto mchanga au mtu anayelala na mashine ya kupumulia, hilo si jambo dogo. Usimpeleke msituni kwa ajili ya dola arobaini.

Baadhi ya viwanja vya Kancamagus havina nafasi za mtandaoni, anayewahi ndiye anayepata. Lenga kufika Alhamisi kabla ya mchana, au Jumapili watu wanapofungasha. Zunguka kambi mara moja, chagua kiwanja ambacho nguzo yake haina karatasi, acha kiti au ndoo mezani, kisha rudi langoni haraka kulipa. Kibao cha pale kitakuambia una dakika ngapi. Palipo na bahasha, jaza jina, namba ya gari, namba ya kiwanja na siku, weka fedha, chana kipande chenye tarehe, tumbukiza bahasha kwenye sanduku la chuma, halafu kabane kile kipande kwenye nguzo ya kiwanja chako. Sanduku halirudishi chenji, kwa hiyo tembea na noti za dola 1 na 5. Kipande kisipokuwa kwenye nguzo, atakayefuata ataona kiwanja ni kitupu, na hatakuwa amekosea.

Kama mnaishi na mama au baba mwenye miaka 62 na zaidi, raia au mwenye grini kadi, mkatieni pasi ya wazee ya serikali kuu: dola 20 kwa mwaka au 80 kwa maisha yake yote. Inapunguza nusu ya bei ya kiwanja kwenye kambi nyingi za misitu na hifadhi za taifa, mradi mwenyewe awepo na alale pale. Pasi ya kawaida ya dola 80 haifanyi hivyo; inalipia kuingia tu, na wengi huinunua wakidhani italipia kulala. Wala hakuna kati ya hizo inayokupa haki ya punguzo kwenye kambi ya jimbo.

Kuni msibebe kutoka nyumbani. Maine na New Hampshire zinakataza kuni za nje ya jimbo zisizokaushwa kwa joto, na New York hairuhusu kuni za namna hiyo zisafirishwe zaidi ya maili 50, yote kwa sababu ya wadudu wanaoua miti. Nunua karibu na kambi, au fungu lenye lebo inayosema zimekaushwa kwa joto, na liweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mgeni akija kutoka Dar au Nairobi, kwenye kambi ya jimbo hahesabiwi peke yake kama kiwanja ni chako, ila mipaka ya watu ni ileile. Hifadhi za taifa ni habari nyingine. Tangu Januari 2026, asiyeishi Marekani mwenye miaka 16 na zaidi anatozwa dola 100 za ziada kwenye hifadhi 11, Acadia ya Maine ikiwamo, asipokuwa na pasi ya mwaka ya wageni ya dola 250. Anayekusudia kumpeleka shangazi Acadia, kisha Yellowstone na Grand Canyon ndani ya likizo moja, amnunulie hiyo ya 250. Kama ni Acadia peke yake, alipe 100.