Mitaro Isiyo na Mifuniko Mitaani Mwetu

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, hasa iliyobanana kama Manzese na Tandale, mtaro wa maji ya mvua hupita hatua chache tu kutoka mlangoni mwa nyumba, na mara nyingi hauna mfuniko. Wakati wa kiangazi kila mtu huliona shimo na kulikwepa. Masika yanapoanza mwezi Machi, mtaro hufurika, maji ya tope hutanda hadi katikati ya njia, na mpita njia hawezi tena kujua barabara inaishia wapi. Ninaowahofia zaidi ni watoto wanaotoka shule na waendesha bodaboda.

Mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ile ya zege nayo huvunjwa na malori yanayoikanyaga, na wapo wanaoipasua makusudi ili wapate nondo zilizomo. Mtaani kwetu, sehemu moja iliyobaki wazi imewekewa tairi kuukuu lililochomekwa tawi la mwarobaini. Majirani waliliweka kwa nia njema kabisa, lakini usiku, umeme unapokatika, alama hiyo haionekani.

Linalonisikitisha zaidi ni namna mitaro inavyozibuliwa. Tope na chupa za plastiki huchotwa kwa chepe na kurundikwa ukingoni ili zikauke, gari la taka halifiki, na mvua inayofuata huzirudisha zote mtaroni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, sioni tena ikitapakaa kama zamani, ila chupa zimebaki. Tena wapo wenye nyumba wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo vyao, jambo ambalo siwezi kulitetea hata kidogo katika jiji lililokumbwa na mlipuko wa kipindupindu mwaka 2015, kwa kuwa maji hayohayo ndiyo watoto wanayoyavuka kwa miguu mitupu.

Ningependa mwenyekiti wetu wa mtaa alifikishe suala hili kwenye mkutano wa wakazi kabla ya vuli. Tuanze na mifuniko mifupi ya zege ambayo watu wawili wanaweza kuinua wakati wa usafi, na anayelipwa kuzibua mtaro asihesabiwe kuwa amemaliza kazi mpaka taka alizochota ziwe zimeondolewa ukingoni.