Siku moja Granada: waziri aligeuka tarishi

Saa 12 kasorobo asubuhi. Nashuka vichochoro vya Albaicín, mtaa mkongwe wa Granada, Hispania. Ni vyembamba kama vya Mji wa Kale nyumbani Mombasa, ila hapa ni mlima, waulize magoti yangu. Ng'ambo ya mto Darro, Alhambra, ngome na kasri la wafalme Waislamu wa zamani, ni kivuli tu.

Saa 1 mpaka saa 9. Hotelini: shuka, taulo, mabafu. Hakuna la kusimulia, isipokuwa msimamizi akisahau jina la mgeni humwita "fulano". Mwaka wa nne huu, na bado nacheka moyoni. Fulani!

Saa 10. Naagiza soda, nacho kitafunio chaja bure, ndiyo ada ya Granada. Napitia daftari.

Saa 12 jioni. Darasa la Kihispania, ngazi ya juu ya C1. Zamani nilifanya mazoezi ya sarufi hadi macho yakauma, nikabaki palepale. Mwalimu huyu kaweka kitabu kando, anatufundisha lugha kwa historia. Leo ni 1492: tarehe 2 Januari Boabdil, mfalme wa mwisho Mwislamu wa Granada, akabidhi mji kwa Wakristo, na mwaka huohuo mwanazuoni Nebrija achapisha sarufi ya Kihispania. Kisha 1567, mfalme Felipe wa Pili awapiga Wamorisko, yaani Waislamu waliobatizwa na wazawa wao, marufuku kusema Kiarabu.

Mwalimu akaandika ubaoni: hasta, aceituna, alcalde, alguacil. Zimetoka wapi? Kimya. Nikanyoosha mkono: Kiarabu, kama kwetu! Hata, zaituni, kadhi, waziri. Kadhi kwao amekuwa meya. Maskini waziri, kashushwa cheo bila barua, sasa ni tarishi wa mahakama! Na mfalme aliyekataza Kiarabu hakuweza kusema "hadi" bila kukikopa.

Halafu likaja "ojalá". Asili yake ni dua ya Kiarabu, Mungu akipenda, na kitenzi kinachofuata lazima kibadilike: ojalá llueva. Miaka miwili kanuni hiyo ilinitesa. Leo nikaisema kimoyomoyo kwa Kiswahili: Mungu ajalie mvua inyeshe. Inyeshe, si inanyesha. Kumbe ile -e ya mwisho nimeitumia tangu utotoni, na hakuna aliyenifundisha. Nikaandika sentensi kumi bila kufuta.

Saa 3 usiku. Nampigia mama. Namwambia mtihani ni mwezi wa sita, ojalá nipite.

"Oja nini?"

"Inshallah, mama."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu?"