Supu ya Bogotá na gugu la Njombe

Jana wakati wa palizi mtoto wa dada aliniletea kiganja kimejaa majani. "Mama mdogo, haya tuwape sungura?" Nikayafikicha kabla ya kujibu. Ni lile gugu laini lenye viua vyeupe vya petali tano na kitovu cha njano, ambalo ukiling'oa leo keshokutwa limerudi. Harufu yake ikanipeleka moja kwa moja Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, zile siku za mwanzo na mabegi yetu ya mgongoni.

Habari za ndege na viza mnazijua, naziruka. Bogotá iko mita 2,640 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo unavuta kama robo tatu tu ya hewa ya Tanga. Mimi wa Njombe sikupata tabu sana. Mwenzangu, mtoto wa pwani, alipanda ngazi za nyumba ya wageni hadi katikati, akakaa chini na begi lake mgongoni. Dawa ya hali hiyo ni kutulia: siku mbili za kwanza maji mengi, chakula chepesi jioni, pombe uiache, mlima usiuguse. Kichwa huuma usiku wa kwanza, kisha kwa wengi kinaachia chenyewe. Baridi nayo isikudanganye. Ikweta iko karibu, kwa hiyo jua la saa sita linaunguza hata ukiwa na sweta, na mvua ya alasiri haibishi hodi, hasa Aprili na Oktoba.

Kilichotufaa kuliko ramani ya simu ni milima. Monserrate na Guadalupe imesimama mashariki, na ukiwa katikati ya mji huikosi kuiona. Barabara ziitwazo carrera zinakwenda sambamba na milima hiyo, na namba zake hupanda kadiri unavyoipa mgongo. Calle ndizo zinazozikata, na kuanzia katikati namba zake hupanda ukielekea kaskazini. Anwani ikiandikwa Calle 12 # 4-35, basi simama kwenye Calle 12 kona ya Carrera 4, tembea kama mita 35 kuelekea Carrera 5, umefika. Aliyeupanga mji huu alikuwa na akili. Panapoharibika ni kwenye viambatisho: 12B, 12C na 12D ni mitaa mitatu tofauti, na Calle 12 Sur iko upande mwingine kabisa wa mji. Dereva wa teksi asiposikia hiyo Sur, mtazunguka na mita inahesabu. Ukishaishika kanuni hii huna haja ya kutoa simu barabarani, na katikati ya jiji simu iliyoko mkononi ni ya mwenye pikipiki anayepita. Ukilazimika, ingia dukani kwanza.

Mabasi mekundu ya TransMilenio yana njia zake tangu mwaka 2000, kwa hiyo aliyezoea mwendokasi wa Dar hatashangaa kituo cha katikati ya barabara wala kusukumana mlangoni. Unanunua kadi kituoni na kuijaza hapohapo. Herufi ya basi inaonyesha linakokwenda: J itakufikisha kwenye Museo del Oro, makumbusho ya dhahabu, ila basi la kurudi kwa njia hiyohiyo lina herufi nyingine. Wageni hukariri basi waliloendea, jioni wakalisubiri mpaka miguu iote mizizi.

Sasa supu. Mgahawa ulikuwa chumba kimoja huko La Candelaria, mtaa wa zamani wa katikati ya mji, meza chache, dirisha lina ukungu wa mvuke. Mama mwenye mgahawa aliona tunavyotweta, akasema maneno mawili yaliyosikika kama amri, akaenda jikoni. Ajiaco ilikuja kwenye bakuli jeusi la udongo, pembeni bado inatokota. Ni supu ya kuku na viazi, lakini viazi vya aina tatu. Pastusa na sabanera hukatwa vipande vyembamba. Criolla, vile vidogo vya njano, huyeyuka na kuifanya supu kuwa nzito bila unga. Kwa watu sita weka kilo moja ya pastusa na nusu nusu ya hivyo vingine. Kidari cha kuku kinachemshwa kwanza na majani ya kitunguu na giligilani, kinatolewa, kinachambuliwa nyuzinyuzi. Vinafuata viazi na vipande vya mahindi mabichi. Usiwe na haraka, maana kule juu maji huchemka kwenye nyuzi joto 91 hivi na kila kitu huchelewa kuiva.

Mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kuepua, inawekwa guascas. Mama alileta chupa yake, akamimina majani makavu kiganjani, akayasaga kwa kidole gumba, akaninyooshea ninuse. Ndani ya vumbi lile la kijani kulikuwa na kiua kimoja kikavu. Nikakigeuza kwa ukucha: petali tano, kitovu cha njano. Gugu letu! Asili yake ni huko Amerika Kusini. Limefika mashambani kwetu bila mapishi yake. Kwa ishara za mikono nikamweleza kwamba sisi tunaling'oa na kuwapa sungura. Akanitazama kidogo, akaniongezea guascas kwenye bakuli. Pembeni kulikuwa na krimu, parachichi, wali na vile vitumba vya maua vya chumvi viitwavyo alcaparras. Krimu utie kidogokidogo, ukimwaga yote supu inapoa.

Nimejaribu kuipika huku nyumbani. Guascas ninayo bure, criolla sina, na viazi vyetu vinakataa kuyeyuka. Naambulia maji ya viazi yenye harufu ya Bogotá.

Mengine yalikwenda haraka. Museo del Oro hufungwa Jumatatu na Jumapili kuingia ni bure. Humo mna chelezo kidogo cha dhahabu cha Wamuisca, wenyeji wa kale wa huko, kilichopatikana pangoni Pasca mwaka 1969. Museo Botero, makumbusho ya mchoraji Botero, ni bure siku zote, ila Jumanne imefungwa. Kahawa ya thermosi ya barabarani ni nyeusi na tamu. Soko la dunia huweka kahawa ya Kolombia kundi moja na ya Kenya na Tanzania, lakini ile ya thermosi sidhani kama iliwahi kukaguliwa na mtu wa soko. Jumapili, saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, barabara kubwa zinafungiwa magari na kuachiwa baiskeli na waenda kwa miguu.

Monserrate tuliiacha mpaka mwenzangu aweze kupanda ngazi huku anaongea. Kilele ni mita 3,152. Njia ya miguu ina ngazi zaidi ya 1,500 na hufungwa Jumanne. Treni ya kamba ipo tangu 1929. Tulipanda treni. Mpaka leo anashikilia kwamba tungeanza kwa miguu siku ileile ya kwanza, tungefika. Labda. Usiku wa siku hiyo alilala na viatu.