Usiku Baba Mkubwa alipozima singeli

Baba mkubwa wangu ana kauli yake moja tunaijua wote nyumbani, kwamba muziki wa nchi hii ulizikwa 1995 pamoja na Marijani Rajabu, mwimbaji wa dansi. Ukimuuliza na waimbaji wengine kina Gurumo na Bitchuka je, mbona waliendelea kuimba, anakwambia hao walikuwa wanamalizia malizia tu. Na kwake muziki na maadili ni kitu kimoja, binti akivaa nguo fupi kosa la redio, dogo akipaka rangi nywele kosa la redio, yani hata nyama ikipanda bei sishangai akiilaumu bongo fleva.

Sasa Desemba 2017 mdogo wangu wa kike anaolewa. Sisi ni watu wa Rufiji tunaishi Mbagala, na kwetu hata uwe na digrii mbili, mwali lazima achezwe ndani na nje watu wakeshe. Turubai likafungwa katikati ya barabara, kibali cha serikali ya mtaa tumelipia na kimeandikwa kabisa mwisho saa sita usiku, spika zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka bati la jirani linalia. DJ alikuwa dogo mmoja mwembamba, laptop yake herufi A imeng'oka anabonyeza kale kampira kalikobaki, lakini mikono yake ilikuwa na spidi we acha tu.

Mwanzoni mambo yalikwenda kistaarabu, taarabu kidogo, bongo fleva za mapenzi, wamama wanatunza, kwenye saa nne hivi dogo akaachia singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini. Kwa msiowahi kuisikia spika ikiwa pembeni, singeli inakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hiyo hata kama hutaki kucheza moyo unacheza wenyewe. Mabinti wa mtaani wakaingia kati, madera wameyafunga kiunoni, mmoja akashika ndoo kaigeuza kaikalia akaanza kukata mauno, na anayeimba anataja vitu kwa majina yake, hakuna mafumbo hakuna nini.

Mi nilikuwa mlangoni na sinia la vitumbua, nikamuona baba mkubwa anainuka kwenye viti vya wazee. Hakusema na mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya DJ akachomoa waya.

Kimya. Unasikia jenereta tu.

"Nyie watoto hamna haya? Mama zenu wapo hapa!" Dogo wa watu akasema shikamoo mzee, samahani mzee, baba mkubwa akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa flashi, kumbe alikuja nayo kabisa amejipanga. Akamwambia piga Sikinde, bendi ya dansi ya enzi zao.

Na ikapigwa. Nikiri muziki ule ni mtamu, gitaa linaingia taratibu, halafu linakuja la pili linajibu, halafu tarumbeta zote zinaingia kwa pamoja, baba mkubwa kafumba macho na kidole kinahesabu hewani. Wamama wa umri wake wakainuka mmoja mmoja. Vijana hata hawakununa sana, walikaa wakashika simu zao. Ila mi nikawa nasikiliza maneno, na maneno ni mume anamlalamikia mke kwamba kaambiwa na majirani anatoka nje, kaeleza na nyumba na saa. Yani tusi lilelile, tofauti huyu katumia dakika kumi kulifikisha na alivaa suti.

Hapo ndo bibi akaniita ndani. Bibi ndo mama yake baba mkubwa, na usiku ule ndo alikuwa kungwi, amekaa kwenye mkeka na mwali kafunikwa kanga kichwa kizima, pembeni kuna kinu na mchi. Akaniuliza nani kazima ngoma nje, nikamwambia ni mwanao anasema haina maadili.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Yule? Yule si alirudi hapa mbio kutoka Kariakoo Umoja wa Vijana wanamfukuza na suruali yake imembana mpaka haikunji goti?"

Ni kweli, na wengi wa rika langu hatukufundishwa hiyo. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU walikuwa na Operesheni Vijana, wanapita mjini kukamata mini, mawigi na suruali za kubana, eti zinaharibu utamaduni wa taifa, na mwishoni mwa mwaka huohuo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar. Baba mkubwa wakati huo ni kijana, ana suruali ya kubana na soul ndo ugonjwa wake. Kwa hiyo huyu mlinzi wa maadili ndo aliyekuwa anaharibu maadili, na waliomfukuza walikuwa na uhakika uleule alionao yeye leo akishika waya wa spika.

Nikadhani basi bibi yupo upande wa vijana. Wapi. Akamaliza kucheka akaanza kazi yake, na nyimbo alizoimba mule ndani siandiki hapa, nina wakwe wanasoma. Mchi, kinu, mvua, shamba, kila kitu kina maana yake na maana yake unaelezwa wazi na vitendo unaonyeshwa, na bibi na umri wake ule alisimama akakata kiuno taratibu kwenye ule mkeka huku shangazi wawili wanapiga makofi, kile alichokifanya yule binti wa kwenye ndoo alikuwa anakiiga tu bila kujua kwa nani. Hata msondo wenyewe, kabla haujawa jina la bendi ya dansi ya wanaume, ni ngoma ya mwali.

Katikati ya wimbo akanyamaza ghafla. Dirishani kuna katoto ka darasa la tatu hivi, kamepanda tofali, kanarekodi na simu ya mama yake. Bibi akatoa kanga mabegani akaitupia dirishani ikaziba lote, akamwambia shangazi kamkamate ufute. Akageuka kwangu amekasirika kweli, siyo utani. "Mnagombania nyimbo. Nyimbo hizi ni zetu tangu na tangu. Sisi tulifunga mlango."

Mi hapo ndo nilimuelewa zaidi kuliko nilivyowahi kumuelewa baba mkubwa. Usafi wa nyimbo zamani haukuwepo, kilichokuwepo ni nani anasikia na saa ngapi. Na redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, bendi ikienda kurekodi pale maneno yanapitiwa kwanza, ndo maana Remmy Ongala alipoimba Mambo kwa Soksi kuhusu kondomu redio haikuupiga. Kwa hiyo tunachosikia leo kwenye zilipendwa ni kile kilichopita kwenye chekeche, makapi yalishapeperuka, halafu tunakifananisha na singeli ya juzi ambayo haijachekechwa na mtu.

Ila mlango wa bibi nao siusifii wote. Yeye mwenyewe alitoka kwenye ule mlango akapelekwa kwa mume moja kwa moja, hakuulizwa, na wasichana wengi wa kwao shule iliishia palepale kwenye unyago. Mdogo wangu aliyekuwa chini ya ile kanga ana kazi yake na mume kamchagua mwenyewe. Hapo nani kaporomoka maadili sijui mniambie.

Kuhusu muziki wenyewe kama muziki, nampa baba mkubwa haki yake. Watu kumi na kitu jukwaani, matarumbeta, masaksafoni, mazoezi mchana kweupe, hiyo haipo tena na ni hasara. Lakini NUTA Jazz, ndo iliyokuja kuitwa Msondo, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park, ndo hiyo Sikinde, ilikuja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar, wanamuziki wanapokea mshahara kama makarani. Mashirika yalipoyumba nani angelipa? Vijana wa uswahilini wakapata vinanda vidogo vya Casio wakatengeneza mchiriku, wadogo zao wakapata kompyuta wakatengeneza singeli. Usimuulize mtu wa Manzese tarumbeta lake liko wapi.

Basi nje huku kumbe DJ alisharudishia singeli, sauti chini kidogo, wakafikia muafaka wimbo mmoja wa wazee mitatu ya vijana. Saa sita kasoro akaja mjumbe na vijana wawili wa ulinzi, kibali kinaisha zima. Na aliyemsimamia mjumbe ni nani? Baba mkubwa. Kamvimbia kifua, huyu ni mwanangu anaolewa, watu wamechanga, hawa watoto wamecheza wamefurahi unawakatisha vipi. Na kilichokuwa kinapigwa wakati huo, wallahi, ni singeli. Tukaongezewa nusu saa kwa sahani mbili za pilau.

Februari 2018 serikali ikatangaza kufungia nyimbo kadhaa za wasanii zisipigwe redioni kisa maadili. Baba mkubwa akanipigia asubuhi asubuhi anafurahi, umesikia? Nikamuuliza, na ule wa Remmy nao walifanya sawa? Akanyamaza kidogo. Akasema Remmy ni kitu kingine, usichanganye, halafu akaniuliza yule mwenye turubai ameshamaliziwa hela yake au bado anadai.